Maji ya Tangi: Yafaa kwa Udhu, Je, Yafaa Kunywa?



Ndugu zangu, katika sehemu nyingi za kusini mwa Uganda mvua hunyesha Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Maji tunayokinga wakati huo hutufaa kiangazi, mabomba yanapokauka. Lakini yakikaa sana hubadilika rangi, na hapo watu huchanganya maswali mawili: je, yanatwaharisha? Na je, yanafaa kunywa? Tuyatenganishe.

Kwanza, twahara. Katika Suratul-Furqan, aya ya 48, Allah (s.w.) ameyaita maji ya mvua twahuur, yaani ni safi na yanatwaharisha. Wanazuoni wa Kishafi wanasema sifa hiyo haiondoki kwa mabadiliko yasiyoepukika, kama vile kukaa muda mrefu, ukoga, au majani yaliyojiangukia. Basi asiyedhurika na maji hayo asikimbilie kutayamamu kwa sababu ya rangi tu.

Ama najisi ina hukumu yake. Maji yaliyofika kullatain, ambayo wengi huyakadiria kuwa lita 200 na ushee, hayanajisiki mpaka najisi ibadilishe rangi, ladha au harufu yake. Yakipungua hapo, kwa Mashafi hunajisika kwa kuingiwa na najisi tu. Kwa hiyo tangi la lita 1,000 na ndoo ya lita 20 havina hukumu moja.

Pili, afya. Maji kufaa kwa udhu hakumaanishi kuwa hayana vijidudu. Tufanye haya:

1. Mvua ya mwanzo iachwe ioshe paa kabla ya kuelekezwa tangini.
2. Tangi lifunikwe, na tundu la kuingizia maji liwekwe wavu, mbu wasizaliane.
3. Maji ya kunywa yachemshwe.

Tatu, matumizi. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la msikiti la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 20 hupokea lita 2,000. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita. Sisi tukiacha koki wazi tangu kunawa mikono hadi miguu, tangi hilo litakauka kabla ya Ijumaa ya pili, na watakaokosa maji ni wenzetu wa safu ya nyuma.

Wallahu a'lam.