Kumjua Kila Mtoto Darasani: Maswali na Majibu kwa Wazazi na Walimu wa Kasekese

Shule za mkataba za Marekani husifiwa kwa jambo moja kuliko mengine yote, nalo ni kumtazama kila mwanafunzi kwa nafsi yake, kwa kadiri ya alichokwisha kukijua na alichokikosa, badala ya kumtia katika kundi na kumwacha afuate mwendo wa kundi. Je, sifa hiyo ina faida gani kwa kata ya Kasekese, wilayani Tanganyika, mkoa wa Katavi, ambako darasa moja huweza kuwa na watoto wengi kuliko madawati? Yafuatayo ni maswali ambayo wazazi, walimu na wajumbe wa kamati za shule huyauliza aghalabu, pamoja na majibu ya mwalimu.

Shikamoo mwalimu. Hizo shule za mkataba ni shule za namna gani, na kwetu zipo?

Marahaba. Shule ya mkataba ni shule ya umma, huendeshwa kwa fedha ya umma wala haitozi karo. Walakini msimamizi wake wa kila siku si ofisi ya elimu ya wilaya, bali ni bodi yake yenyewe, iliyotiliana mkataba na mamlaka ya umma kwa muda wa miaka kadhaa, kwa sharti kwamba watoto wapate elimu iliyoahidiwa. Ahadi isipotimia, mkataba huweza kufutwa na shule ikafungwa. Jimbo la Minnesota lilitangulia kupitisha sheria ya namna hii mwaka 1991, na shule ya kwanza ikafunguliwa katika mji wa St. Paul mwaka 1992. Leo shule hizo ni maelfu, na wanafunzi wake wamepita milioni 3.

Sheria ya Tanzania haina shule za jina hilo. Hata hivyo, asili ya jambo lenyewe si ngeni kwetu, kwa maana katika miaka ya 1920, baada ya tume ya elimu ya Phelps-Stokes kuzuru Afrika Mashariki mwaka 1924, serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianza kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizokubali ukaguzi na masharti yake, zikawa zinaendeshwa na wamisionari kwa msaada wa fedha ya umma, mpaka Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipoziweka mikononi mwa serikali. Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika katika wilaya hii hii, ambako Mapadri Weupe walifika mwaka 1885, ni miongoni mwa mahali pa kale pa elimu ya misheni magharibi mwa nchi.

Wenzetu hao wa Marekani humsaidiaje mtoto mmoja mmoja?

Zilizo bora miongoni mwao hufanya mambo manne. Huwapima watoto mara kwa mara kwa majaribio mafupi, na mwalimu huyasoma matokeo jina kwa jina. Huwapa waliobaki nyuma masomo ya ziada katika vikundi vya wawili au watatu, tena ndani ya saa za shule. Huongeza muda wa masomo. Na humwita mzazi mapema, kabla mambo hayajaharibika.

Matokeo yake si muujiza. Chuo Kikuu cha Stanford, kilichozichunguza shule hizo kwa miaka mingi, kilieleza mwaka 2023 kwamba kwa wastani mwanafunzi wa shule ya mkataba hupata kwa mwaka maendeleo ya kusoma yaliyo sawa na siku 16 za masomo zaidi ya mwenziwe wa shule ya kawaida, na siku 6 katika hesabu. Wastani huo unafunika tofauti kubwa, kwani zipo zilizotangulia mbali, na zipo zilizoshindwa. Na zilizobaki nyuma sana ni zile zinazofundisha kwa intaneti pekee. Hapo pana somo kwetu sote, ya kwamba kinachomwinua mtoto si jina la shule wala chombo kipya, bali ni mtu mzima aliye karibu naye, anayejua mahali alipokwama na mwenye wasaa wa kumkwamua.

Mimi ni mwalimu, na darasani kwangu wamo watoto zaidi ya mia moja. Nitamjuaje kila mmoja?

Swali lako ni la haki, mwalimu mwenzangu, na jibu lake liko karibu kuliko Marekani. Mwaka 2005, Kenya ya magharibi, watafiti walichukua shule 121 za msingi, na kila shule ikapewa mwalimu wa ziada wa mkataba ili darasa la kwanza ligawanywe mara mbili. Katika takriban nusu ya shule hizo watoto waligawanywa bila kutazamwa uwezo wao. Katika zilizosalia waligawanywa kwa alama. Baada ya miezi 18, waliogawanywa kwa viwango walikuwa wamewapita wenzao, na faida hiyo iliwafikia wenye alama za chini kama ilivyowafikia wenye alama za juu, tena ilionekana hata mwaka mmoja baada ya mpango kwisha. Sababu yake ni dhahiri: mwalimu aliye mbele ya watoto wa kiwango kimoja hufundisha pale walipo, lakini aliye mbele ya mchanganyiko mkubwa aghalabu huwafundisha wachache wa mbele, na waliosalia huitikia kwa sauti tu.

Kwako wewe, anza hivi. Andaa karatasi moja yenye sehemu tano: herufi, silabi, maneno, aya fupi na hadithi. Waite watoto mmoja mmoja nje ya darasa, kumi kwa siku, na katika siku kumi utakuwa umewasikiliza mia. Utamkuta mtoto wa darasa la tatu anayesoma "mama" na "kalamu" bila taabu, lakini akifika kwenye "mbwa", "nywele" na "ng'ombe" huacha kutazama karatasi, akakutazama usoni akibahatisha. Mtoto huyo si mzito; amekosa jambo moja linalotajika, yaani kuunganisha konsonanti. Andika jina lake katika safu ya silabi, na uliandike kwa penseli, kwa kuwa halitakaa hapo. Kisha mkubaliane shuleni kutenga saa moja kila siku, watoto wa darasa la tatu mpaka la tano wakae kwa viwango vya kusoma badala ya kukaa kwa madarasa, na saa zilizosalia ziendelee kama kawaida. Shirika la Pratham la India limeieneza njia hii katika nchi nyingi. Mazungumzo juu ya njia hii yana mahali pake tayari katika jumuiya za ujifunzaji, ambamo walimu hukutana shuleni mwao chini ya mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini.

Kumtenga mtoto kwa uwezo wake si kumfedhehesha?

Huweza kuwa fedheha kubwa, mzazi, ikiwa kikundi kitafanywa kiwe cheo cha kudumu. Na ndiyo maana jambo hili lina masharti. Vikundi vipewe majina yasiyo na daraja, kama vile ya miti au ya mito. Watoto wapimwe upya kila mwezi, na aliyepanda ahamishwe siku hiyo hiyo. Mwalimu hodari kuliko wote apewe kikundi cha chini, maana wenye dhiki ndio wanaostahiki msaada ulio bora. Na mpango uwe wa saa moja, usiwe wa siku nzima. Fedheha iliyo mbaya zaidi, nayo hatuitaji kwa kuwa tumeizoea, ni ya mtoto anayepandishwa darasa mwaka baada ya mwaka hali hajui kusoma, mpaka akakaa mbele ya mtihani wa mwisho asiweze kulisoma swali. Uchunguzi wa Uwezo, ulioanza nchini mwaka 2010 kwa kuwapima watoto nyumbani kwao, ulidhihirisha kwamba wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili.

Kamati yetu ya shule hupokea ruzuku ndogo. Bila fedha yafaa nini kusema haya?

Fedha ni lazima, lakini peke yake haitoshi, na ushahidi wake ulipatikana hapa hapa Tanzania. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza liliendesha jaribio la KiuFunza katika shule 350 za wilaya 10. Baadhi ya shule zilipewa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Nyingine, walimu wake waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu atakayefaulu jaribio la kila somo. Na nyingine zikapewa yote mawili. Shule zilizopewa fedha tupu hazikuonyesha maendeleo ya alama. Zilizopewa ahadi ya bakshishi pekee zilionyesha matokeo yaliyochanganyika. Zilizopata yote mawili ndizo zilizoendelea kwa hakika, na maendeleo yake yakazidi jumla ya mambo hayo mawili yakitendwa kila moja peke yake.

Natija yake kwa kamati ni hii: kila shilingi ifungamane na swali la mtoto gani atasaidiwa nayo. Mkinunua karatasi na chaki, muulize pia ni watoto wangapi walivuka kutoka silabi kwenda maneno muhula huu, na jibu libandikwe ukutani pamoja na hesabu ya mapato na matumizi. Katavi imo katika mikoa tisa ya mpango wa kuinua elimu uitwao Shule Bora. Mwombeni mratibu wa elimu wa kata awaeleze misaada iliyopo kwa walimu na kwa umoja wa wazazi na walimu.

Mwanangu alianza shule akijua Kisukuma tu, na mwalimu asema ni mzito. Nifanyeje?

Usiikubali hukumu hiyo kwa haraka, wala usigombane na mwalimu. Watoto wengi wa wilaya hii huanza shule wakiwa na Kisukuma, na wale wa upande wa Mishamo wengi wana Kirundi. Mtoto wa Kisukuma akiandika "kalatasi" mahali pa "karatasi", kosa hilo limetoka katika sauti za lugha ya mama yake, halikutoka katika akili yake, na mwalimu anayelijua hilo humsahihisha kwa upole katika siku chache. Muombe mwalimu ampime kwa mdomo, na mfano wa hesabu autoe kwa ng'ombe na madebe ya mpunga, huenda akashangaa. Pia mwangalieni macho na masikio katika zahanati, kwa sababu asiyeona ubao vizuri na asiyesikia hufanana sana na asiyeelewa.

Na aliyekwisha kuacha shule kwa ajili ya mifugo au mashamba?

Huyo naye ana haki yake. Mpango wa MEMKWA, ulioanza mwaka 1999 kwa majaribio katika wilaya za Masasi, Kisarawe, Ngara, Musoma Vijijini na Makete, uliwekwa kwa ajili ya watoto na vijana waliokosa elimu ya msingi, ili wasome kwa mwendo wa haraka na kurudi katika mfumo rasmi. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 umewaruhusu warudi shuleni walioacha kwa sababu mbalimbali, wakiwamo wasichana waliopata ujauzito. Kwa walio mbali, shule shikizi zimesogeza darasa karibu. Katika mpango wa fedha za UVIKO-19 wa mwaka 2021, serikali ilitenga madarasa 3,000 kwa shule za aina hiyo. Mzazi akimtaka mtoto shambani wakati wa mavuno, afadhali azungumze na mwalimu mapema ili masomo aliyoyakosa yafidiwe, kuliko mtoto kutoweka kimya kimya.

Basi, Kasekese tuombe shule ya mkataba?

La, kwa rai yangu. Liberia ilifanya jaribio mwaka 2016, ikawakabidhi waendeshaji wa nje shule 93 za umma. Baada ya mwaka mmoja alama za watoto zilipanda, lakini gharama za baadhi ya waendeshaji zilikuwa kubwa mno, na walikuwapo waliopunguza watoto katika madarasa yaliyojaa kwa kuwaondoa. Shule inayomtazama mtoto mmoja kwa kumfukuza mwingine haina insafu.

Tuyachukue yaliyo mema, ambayo hayahitaji sheria mpya: kupima kila mtoto, kufundisha kwa kiwango, kutoa hesabu mbele ya wazazi. Katika mkutano ujao wa kamati ya shule, ninawasihi ninyi wazazi msiulize tu ni wangapi waliofaulu. Kila mmoja wenu amuulize mwalimu, kwa staha, mwanangu anasoma nini leo, na muhula ujao atasoma nini. Na ninyi walimu, jiandaeni kulijibu swali hilo kwa kila jina lililomo katika daftari la mahudhurio.