Uvimbe Hupimwaje Ndani ya Damu?



Mmoja wenu alikanyaga msumari, na siku ya pili mguu ukawa mwekundu, umevimba, una joto na unauma. Wenzake wakasema ni sumu. Alama hizo nne ziliandikwa na Celsus wa Roma yapata miaka elfu mbili iliyopita, nazo ni kazi ya mwili wenyewe: mishipa midogo hutanuka, chembe nyeupe za damu zikatoka kwenda kwenye jeraha. (Msumari huweza kuleta pepopunda, nendeni hospitali mapema, msingoje uvimbe.)

Chembe hizo huitana kwa protini ndogo ziitwazo saitokini. Mojawapo, intaliukini 6, hufika hadi kwenye ini na kuliamrisha litengeneze protini nyingine, CRP, iliyogunduliwa New York mwaka 1930 na Tillett na Francis katika damu ya wagonjwa wa nimonia. CRP ni nyingi, hupimika kwa urahisi. Saitokini ni chache mno, hesabu yake ni pikogramu, yaani gramu moja iliyogawanywa mafungu trilioni. Ni mizani gani itaipima?

Hapa tunaomba mtulie. Mwaka 1971 Eva Engvall na Peter Perlmann wa Stockholm walieleza kipimo kiitwacho ELISA. Kwa namna inayotumika sana leo, huchukuliwa kisahani cha plastiki chenye vishimo 96, na kila kishimo hupakwa kingamwili inayonasa intaliukini 6 tu. Hutiwa majimaji ya damu, kisha huoshwa, kilichonaswa hubaki. Hufuata kingamwili ya pili iliyofungwa kimeng'enya, na huoshwa tena. Mwisho hutiwa dawa isiyo na rangi, nacho kimeng'enya huigeuza buluu. Rangi ikikolea, saitokini ni nyingi. Anayeosha kwa uvivu hupata buluu ya uongo.

Lakini imekolea kiasi gani? Vishimo vingine hutiwa intaliukini ya kiasi kinachojulikana, na rangi ya mgonjwa hulinganishwa na hiyo. Bila vishimo hivyo mpimaji ni kama muuza mchele asiye na kibaba: ana mchele, hana kipimo.

Vipimo hivi vimeokoa watu. Katika jaribio la RECOVERY la Uingereza walichaguliwa wagonjwa 4,116 wa korona, wenye upungufu wa oksijeni na CRP ya miligramu 75 au zaidi kwa lita. Takriban nusu yao walipangiwa kwa kura dawa ya tosilizumabu, inayozuia kazi ya intaliukini 6. Matokeo ya 2021: katika siku 28 walifariki 31 kwa kila 100 waliopangiwa dawa, na 35 kwa kila 100 wasiopangiwa.

Je, basi tuuzime uvimbe kila mara? Hapana. Dawa hiyo humwacha mgonjwa wazi kwa vijidudu vingine. Na kwa kuwa ini halipati tena amri, CRP hubaki chini hata vijidudu vikiingia, na daktari anayetazama karatasi ya maabara peke yake hudhani mgonjwa wake ni mzima.