Kuchagua Motokaa ya Kazi Wakati wa Bei Ghali

Wahenga walisema ya kwamba mchagua jembe si mkulima. Maneno hayo ni ya kweli kwa jembe, kwa kuwa jembe lolote lenye makali litalima, na mpini ukivunjika hukatwa mwingine. Lakini motokaa si jembe. Mtu akikosea katika kuchagua motokaa, hasara yake haiishi kwa siku moja. Humfuata kila mwezi, na mara nyingine huifikia hata hati ya shamba iliyowekwa rehani ili mkopo upatikane.

Katika sehemu za Skuta, karibu na mji wa Nyeri, na katika miji mingine iliyouzunguka Mlima Kenya, kama vile Karatina, Nanyuki, Embu na Meru, watu wengi hutafuta gari la kubebea mazao. Wako wenye maziwa, wenye kahawa, wenye kabichi na viazi vya Kieni, na wako wenye maduka wanaoleta bidhaa kutoka mjini. Haja yao ni moja, lakini gari linalowafaa si moja. Yafuatayo ni mambo ya kupimwa kabla ya fedha kutoka mfukoni.

KWA NINI BEI ZIMEPANDA

Magari mengi yanayonunuliwa Kenya hutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na hulipiwa kwa fedha za kigeni. Mwezi wa Januari 2024 dola moja ya Marekani ilipita shilingi 160 za Kenya. Baadaye mwaka huo huo shilingi ilipata nguvu, na dola ikarudi karibu na shilingi 130. Hivyo watu wawili walioagiza gari la namna moja, kwa bei moja ya Japani, huenda walilipa fedha tofauti sana kwa sababu ya miezi tu.

Sababu ya pili ni kodi. Mwaka 2023 ushuru wa forodha juu ya magari hayo ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi asilimia 35. Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba kodi moja hutozwa juu ya nyingine. Mfano ni huu: gari la abiria lenye injini inayozidi sentimita 1,500 za ujazo limethaminiwa na forodha kuwa la shilingi 1,000,000. Ushuru wa asilimia 35 ni shilingi 350,000. Kodi ya bidhaa ya asilimia 25 hutozwa juu ya shilingi 1,350,000, nayo ni 337,500. Kisha kodi ya thamani ya asilimia 16 hutozwa juu ya jumla, yaani juu ya 1,687,500, nayo ni 270,000. Kodi hizo tatu hufika shilingi 957,500, karibu sawa na thamani ya gari lenyewe. Kwa ushuru wa zamani wa asilimia 25 zingalikuwa shilingi 812,500. Tena ziko ada nyingine ndogo ndogo. Kwa kuwa viwango hubadilika kwa bajeti, mnunuzi hana budi kuviuliza kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, kabla ya kuagiza.

Sababu ya tatu ni sheria isiyoruhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8. Sheria hiyo huwazuilia wanunuzi magari yaliyochakaa, lakini pia huwazuilia yale ya bei ya chini kabisa.

JAMBO LA KWANZA: MZIGO

Yafaa mnunuzi aandike katika karatasi uzito wa mzigo wake wa kawaida. Aandike mzigo wa kila wiki, wala si ule wa siku moja ya mavuno makubwa. Kwa kanuni za mwaka 2019 gunia la viazi halipaswi kuzidi kilo 50. Basi magunia 10 ni kilo 500. Gari dogo kama Probox, ambalo Toyota ilianza kuliunda mwaka 2002, limekusudiwa kubeba kiasi cha kilo 400 likiwa na watu wawili. Kila mtu wa Nyeri ameliona likibeba zaidi ya hayo. Lakini springi, breki na matairi yake hayakuundwa kwa zaidi ya hayo, na mteremko ukiwa mrefu ndipo breki zinapoonyesha ukweli. Mwenye kilo 300 za maziwa na mboga linamtosha. Mwenye tani moja atafute pikapu, na mwenye tani tatu atafute lori dogo. Kununua lori kwa ajili ya kilo 300 ni kupoteza mafuta bure, na kupakia tani moja katika gari dogo ni kuhatarisha maisha.

JAMBO LA PILI: BARABARA

Udongo mwekundu wa Tetu, Othaya na Mukurwe-ini huwa mgumu wakati wa kiangazi, lakini mvua za Machi hadi Mei huufanya utelezi mtupu. Upande wa Laikipia, udongo mweusi hushika magurudumu kama gundi. Hapo ndipo watu husema lazima gari liwe la kuvuta kwa magurudumu yote manne.

Huenda ni kweli, huenda si kweli. Gari la namna hiyo hugharimu zaidi kulinunua, hunywa mafuta zaidi, na lina mitambo mingi zaidi ya kuharibika. Katika mbio za magari za Safari, Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, ikipita katika matope ya Afrika Mashariki, nayo ilivuta kwa magurudumu mawili ya nyuma tu. Ilisaidiwa na mwili ulioinuka kutoka chini, springi imara, na dereva aliyejua kazi yake. Kwa hiyo mnunuzi aanze kwa kutazama urefu wa chumba cha gari kutoka ardhini, na alama za matairi kama ni za kina kirefu. Tairi lililolika halisaidiwi na mtambo wowote.

Pia atazame ni magurudumu gani yanayovuta. Gari linalovuta kwa mbele, likipakiwa mzigo nyuma na kupanda mlima, uzito wake huegemea nyuma, na magurudumu ya mbele huteleza. Pikapu inayovuta kwa nyuma hupanda vizuri ikiwa na mzigo, bali ikiwa tupu mkia wake ni mwepesi na huyumba. Madereva wengi huiwekea mifuko ya mchanga. Mwenye boma lililo bondeni, ambaye hana budi kutoka kila alfajiri na maziwa hata mvua ikinyesha, huyo ndiye anayehitaji magurudumu manne pamoja na gia za nguvu za chini. Naye akumbuke kuufungua mtambo huo afikapo lami ikiwa gari lake ni la namna ya kufungwa kwa wenzo, kwa maana ukitumika juu ya lami kavu huvunja gia na kula matairi.

JAMBO LA TATU: INJINI

Mji wa Nyeri uko kiasi cha mita 1,750 juu ya bahari, na Nanyuki iko juu zaidi. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyo na mtambo wa kusukuma hewa hupoteza karibu sehemu moja katika mia ya nguvu zake kwa kila mita 100. Maana yake ni kwamba injini iliyotosha Mombasa itakuwa imepungukiwa na sehemu moja katika sita ikifika Nyeri. Injini ndogo mno, ikilazimishwa kupanda na mzigo kwa gia ya kwanza kila siku, huchakaa upesi na hunywa petroli kuliko ile ya kadiri. Na petroli si kitu cha kudharauliwa: mwezi wa Julai 2023 kodi ya thamani juu yake iliongezwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na mwezi wa Septemba mwaka huo lita moja ilipita shilingi 200.

JAMBO LA NNE: FUNDI NA VIPURI

Gari zuri lisilo na vipuri ni banda la kuku. Kabla ya kununua, mtu aende kwa fundi wake wa Nyeri au Karatina, amwulize: gari hili umewahi kulifungua? Klachi yake inapatikana wapi, na kwa bei gani? Jibu hilo lina thamani kuliko sifa zote za muuzaji.

Land Rover ilipotokea mwaka 1948 mwili wake uliundwa kwa aluminiamu, kwa sababu chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Ndiyo maana yako ya zamani ambayo miili yake haina kutu hata leo. Lakini chesisi yake ni ya chuma, nayo huoza kwa chini huku juu pakipendeza. Mnunuzi lazima alale chini aitazame. Gari hilo la umbo la zamani liliacha kuundwa Uingereza mwezi wa Januari 2016. Toyota Land Cruiser ya namna ya 70 ilianza mwaka 1984 na sifa yake ni imara, ila bei yake humshinda mkulima wa kawaida. Pikapu ya Isuzu D-Max huunganishwa Nairobi katika kiwanda ambacho kabla ya mwaka 2017 kiliitwa General Motors East Africa, na hiyo ni sababu mojawapo ya vipuri vyake kuonekana katika miji mingi.

Liko pia funzo la Mobius. Kampuni hiyo ilianzishwa Kenya na Mwingereza Joel Jackson, ikatoa gari gumu lisilo na mapambo, lililokusudiwa barabara mbovu. Nia ilikuwa njema. Lakini mwezi wa Agosti 2024 ilitangaza ya kuwa itafunga kazi kwa sababu ya madeni, kisha baada ya siku chache ikasemekana mnunuzi amepatikana. Mwenye kununua gari hununua pia uhai wa yule atakayemwuzia vipuri.

JAMBO LA TANO: HESABU

Huenda hesabu ikaonyesha kwamba haifai kununua kabisa. Mfano: mkulima hukodi pikapu mara 8 kwa mwezi, kila safari shilingi 3,000. Analipa 24,000. Akinunua pikapu kwa 1,200,000, akaitumia miaka 5 na kuiuza kwa 600,000, thamani iliyopotea ni shilingi 10,000 kila mwezi. Bima, matairi na matengenezo, tuseme 12,000. Petroli ya safari moja ya kilomita 60, kwa lita 6 za shilingi 180, ni 1,080. Safari 8 ni 8,640. Jumla ni 30,640. Amepoteza 6,640 kila mwezi, na bado riba ya mkopo haijahesabiwa. Lakini akiwa na safari 12 au zaidi, gari lake mwenyewe huanza kumfaidi. Basi majirani wawili au watatu wenye safari chache wanaweza kununua moja kwa shirika, wakiandikiana mkataba mbele ya mashahidi juu ya zamu, mafuta na matengenezo.

JAMBO LA MWISHO: HATI

Gari lililotumika likaguliwe na fundi asiyelipwa na muuzaji, injini ikiwa baridi, kisha liendeshwe katika mlima na katika njia mbovu. Kumbukumbu za umiliki zitafutwe katika Mamlaka ya Usalama Barabarani, NTSA. Jina la benki au la mkopeshaji likionekana pamoja na la muuzaji, gari hilo bado lina deni, na fedha zisitolewe mpaka deni limalizike na jina hilo liondolewe. Fedha zisipokewe mkononi njiani bila stakabadhi.

Motokaa ikisha kununuliwa, inunuliwe pia daftari ya shilingi chache. Kila lita ya mafuta, kila tairi na kila safari iandikwe humo, na mwisho wa mwezi mwenyewe aketi na jamaa yake wahesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali inayotembea kwa magurudumu hupotea upesi zaidi.