MOTO UPI? LUGHA YA NYAYA NA UTATUZI WA HITILAFU ZA KIWASHIO CHA RIMOTI

Utangulizi

Katika Osiri, eneo la machimbo ya dhahabu katika Kaunti ya Migori, kama ilivyo katika vijiji vingi hadi Homa Bay, pikipiki ndiyo miguu ya watu. Serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki za injini ndogo mwaka 2008, chombo hiki kilienea kwa kasi. Pamoja nacho kimeenea king'ora chenye rimoti, ambayo kitufe chake kimoja huwasha injini bila ufunguo. Kifaa hicho hufungwa pia katika magari. Wanunuzi wengi huamua kukifunga wenyewe ili kuokoa gharama ya fundi, na hapo ndipo taabu huanza: injini inakataa kuwaka, fyuzi inakatika, au betri inaamka tupu.

Makala hii inaeleza namna ya kuzitafuta hitilafu hizo. Hoja yake kuu ni kwamba nyingi huanzia katika neno moja linalobeba maana nyingi kuliko inavyodhaniwa, nalo ni "moto".

Aina za moto

Katika karakana za jua kali, waya wenye umeme huitwa waya wa moto. Kwa anayefunga taa, neno hilo linatosha. Kwa anayefunga kiwashio cha rimoti halitoshi hata kidogo, kwa sababu nyuma ya swichi ya ufunguo kuna moto wa aina mbalimbali.

Kwanza, kuna moto wa kudumu, utokao kwenye betri, ambao haukatiki hata ufunguo ukitolewa. Pili, kuna moto wa ufunguo, unaoilisha injini. Huu huja ufunguo unapofunguliwa, na hubaki hata stata inapozunguka. Tatu, kuna moto wa vifaa, kama vile redio. Huu pia huja na ufunguo, lakini katika magari mengi hukatika stata inapozunguka, ili nguvu yote ya betri iende kwenye stata. Nne, kuna moto wa stata, ambao huonekana tu wakati wa kuwasha. Pikipiki ndogo huenda isiwe na aina zote hizi. Mkabala wa zote ni waya wa ardhi, yaani ule unaofungwa kwenye chuma cha bodi ili kurudisha mkondo kwenye betri.

Fundi akimwambia mwanafunzi wake "unganisha kwenye moto", amemwambia nusu ya jambo. Nusu iliyobaki ni swali: moto upi?

Rangi za nyaya hazitoi jibu la hakika. Kila mtengenezaji ana mpangilio wake, na chombo kilichokwisha kupita mikononi mwa mafundi kadhaa huwa na nyaya za viraka. Jibu hutolewa na mita. Mita ipimayo volti ikishikishwa kati ya waya na ardhi, maswali matatu yanatosha: Je, moto upo ufunguo ukiwa umefungwa? Je, upo ufunguo ukiwa umefunguliwa? Je, unabaki stata inapozunguka? Majibu hayo matatu ndiyo jina la waya.

Kusoma dalili

Anayetafuta hitilafu hana budi kuanza na betri. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takriban 12.6. Ikishuka chini ya 10 stata inapozunguka, betri yenyewe au viungo vyake ni vya kushukiwa kabla ya kulaumu kifaa kipya. Baada ya hapo, dalili husomwa moja baada ya nyingine.

1. Rimoti ikibonyezwa, hakuna kinachotokea. Kagua fyuzi ya kifaa, kisha waya wa ardhi. Ardhi iliyofungwa juu ya rangi au kutu hudanganya: hupitisha mkondo mdogo wa kuwasha kitaa, lakini hushindwa kazi inapokuwa nzito. Weka mita kati ya ncha hasi ya betri na waya wa ardhi wa kifaa, kisha jaribu kuwasha. Ikisoma nusu volti au zaidi, kwangua chuma na ufunge upya.

2. Stata inazunguka lakini injini haishiki, ilhali kwa ufunguo inawaka. Yamkini waya wa injini umeungwa kwenye moto wa vifaa badala ya moto wa ufunguo. Moto huo hukatika wakati uleule unapohitajika. Baadhi ya magari yana nyaya mbili za moto wa ufunguo, na zote mbili sharti zilishwe.

3. Injini inawaka kisha inazima baada ya sekunde chache. Katika magari yenye ufunguo wa chipu, kompyuta ya gari haijauona ufunguo wake, hivyo inaikatia injini uhai. Kubadilisha nyaya hakutasaidia. Kinachohitajika ni kifaa cha ziada kinachokubaliana na mfumo wa gari hilo.

4. Stata haiachi kuzunguka ingawa injini imeshawaka. Kifaa hakina habari kwamba injini inafanya kazi, kwa kuwa waya wake wa kusoma mizunguko haujaungwa au umeungwa pasipo pake. Zima mara moja, kwani stata huungua.

5. Betri inaamka tupu. Kuna mkondo unaovuja usiku. Fungua waya hasi wa betri, pitisha mkondo katika mita iliyowekwa kupima ampea, kisha chomoa fyuzi moja moja hadi kipimo kishuke. Usijaribu kuwasha injini mita ikiwa imeungwa hivyo. Mvujo wa ampea 0.1 unaonekana mdogo, lakini betri ya pikipiki ya ampea-saa 5 humalizwa nao kwa saa 50, yaani siku mbili na saa mbili.

Katika barabara za changarawe, sababu nyingine ni mtetemo. Nyaya zilizosokotwa kwa vidole na kufungwa tepu hulegea, kisha vumbi na maji ya mvua humalizia kazi. Kiungo kinachodumu ni kile kilicholehemiwa au kubanwa kwa kibanio, kikafunikwa na kufungwa pasipochezacheza.

Usalama

Tangu Cadillac ilipoanza kuuza magari yenye stata ya umeme mwaka 1912, mfumo wa kuwasha ulijengwa juu ya dhana kwamba anayewasha yupo pale pale, mguu kwenye breki na jicho kwenye gia. Rimoti inaivunja dhana hiyo. Pikipiki iliyoachwa ndani ya gia mtelemkoni, ikiwashwa kutoka mbali, huruka mbele. Kwa hiyo waya wa kutambua fri si wa hiari. Mpandishe mnyama huyo wa chuma kwenye stendi ya katikati, gurudumu la nyuma likiwa hewani na watu wakiwa mbali, tia gia, kisha bonyeza rimoti. Injini ikizunguka, kazi haijaisha.

Aidha, wapo wanaolaza pikipiki ndani ya nyumba kwa kuhofia wezi. Kitufe kikibonyezwa kwa bahati mbaya usiku, moshi wa injini huleta kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua waliolala. Katika nyumba kama hiyo, kipengele cha kuwasha kwa rimoti kiondolewe kabisa.

Kabla ya kugusa waya wowote, ncha hasi ya betri itangulie kufunguliwa na iwe ya mwisho kufungwa. Katika magari, nyaya zenye ala ya manjano ziachwe, kwani kwa kawaida ni za mifuko ya hewa.

Hitimisho

Mwaka 1990 TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na maneno kama mkondo, ukinzani na saketi yamezoeleka vitabuni. Karakana nayo ina msamiati wake: moto, stata, fri. Kazi iliyobaki kwa wanafunzi wa Kiswahili ni kuzikutanisha lugha hizo mbili, kwa kuwa fundi asiye na jina la pekee kwa kila waya huunganisha kwa kubahatisha. "Moto wa kudumu" na "moto wa ufunguo" ni istilahi zilizokwisha kuzaliwa mitaani. Zikiingia katika miongozo ya ufundi, zitamkinga mtu na hasara ya siku nzima bila kazi, na pengine na msiba.