SOMO LA AFYA KAZINI: VIGANJA VYENYE JASHO JINGI



Wako wenzetu ambao viganja vyao hutoka jasho hata asubuhi ya baridi, wakiwa wamekaa tu. Kiwandani bisibisi huwateleza, na chuma walichokishika huingia kutu. Shambani panga huwaponyoka. Nyapara huwaita wazembe au waoga, nao huficha mikono. Hii ni hali ya mwili, tena ina tiba.

ASILI YAKE

Viganja vina tezi nyingi sana za jasho, zinazoamshwa na mishipa ya fahamu. Kwa watu wengine mishipa hiyo hutoa amri kupita kiasi. Kwa kawaida hali hii huanza utotoni au ujanani, hushika mikono yote miwili, na hukoma mtu akilala usingizi. Mara nyingi yuko mwingine katika ukoo aliye nayo. Si uchafu, wala haiambukizi.

Lakini jasho jingi la usiku pamoja na homa na kukonda laweza kuwa kifua kikuu: nenda zahanati. Na aliyenyunyiza dawa ya wadudu, kisha akatokwa na jasho, mate na machozi, kifua kikambana, huenda ameingiwa na sumu. Mvue nguo, mwoshe kwa maji na sabuni, mpeleke hospitali upesi.

KAZINI

1. Weka kitambaa kikavu cha pamba, ufute mikono kabla ya kushika chombo.

2. Chini ya glavu za mpira vaa glavu nyembamba za pamba, uzibadilishe zikilowa. Usivae glavu karibu na mashine inayozunguka.

3. Usiguse swichi wala waya kwa mkono uliolowa. Umeme hupita kwa urahisi zaidi katika ngozi yenye maji.

4. Sumu nayo hupenya zaidi. Anayevuna tumbaku mbichi kwa mikono iliyolowa huweza kulewa nikotini ya majani: kizunguzungu, kutapika, kichwa kuuma.

TIBA

Dawa ya kuanzia ni maji ya kloridi ya alumini, yenye nguvu ya asilimia 20 hivi. Paka usiku unapokwenda kulala, viganja vikiwa vikavu kabisa, na uoshe asubuhi. Jasho likipungua, punguza siku za kupaka. Usipake penye jeraha. Ikiwasha sana, acha kwanza.

Isipofaa, ziko hospitali zenye chombo cha kupitisha umeme mdogo katika maji ambamo mgonjwa hutia viganja, kama dakika 20 hadi 30, mara kadhaa kwa wiki. Kamwe usijaribu kwa umeme wa nyumbani: unaua.

Vidonge vya kukausha jasho vipo, lakini huzuia jasho la mwili mzima, na afanyaye kazi juani aweza kuzidiwa na joto. Upasuaji wa kukata mshipa wa fahamu kifuani hukausha viganja. Lakini wengi huanza kutoka jasho jingi mgongoni na tumboni, na kilichokatwa hakirudi. Usikubali kabla ya kuuliza hayo.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Je, yuko mwenzetu aliyekaripiwa kwa hali hii? Tawi litamsemeaje?

2. Glavu za pamba zapatikana kazini kwetu? Kama hazipo, nani atazidai, na lini?