Nyumba za Mkataba katika North Lawndale

Mtaa wa North Lawndale umo katika mji wa Chicago, nchi ya Marekani. Mwaka 1950 ulikuwa na watu 100,000 hivi, na katika kila mia, 87 walikuwa Wazungu, wengi wao Wayahudi. Kufikia 1960 wakaaji walikuwa kama 125,000, na katika kila mia, zaidi ya 90 walikuwa watu weusi. Yafaa kuuliza jinsi mtaa ulivyogeuka kwa miaka kumi tu.

Walioharakisha mageuzi hayo ni madalali. Waliwatia Wazungu hofu kwamba bei za nyumba zitaanguka, wakazinunua kwa bei ya chini; kisha wakawauzia weusi nyumba zizo hizo, mara nyingi kwa bei maradufu. Serikali ilikuwa imeanza kudhamini mikopo ya nyumba mwaka 1934, lakini mitaa ya weusi iliachwa nje, nazo benki zikakataa kuwakopesha. Basi walinunua kwa mkataba. Mnunuzi alitoa fedha za mwanzo, akalipa kila mwezi, na hati ilikaa kwa mwuzaji mpaka senti ya mwisho. Akikosa mwezi mmoja aliweza kufukuzwa, na yote aliyokwisha kulipa yakapotea.

Ndiko mapato ya jamaa nyingi yalikokwenda, wala si kwamba hawakuwa na mishahara. Mume na mke walifanya kazi, wakapangisha na vyumba, na bado fedha za kutengeneza paa hazikupatikana. Mwaka 1968 wanunuzi waliungana, wengi wakazuia malipo, na mamia ya mikataba ikaandikwa upya kwa bei nafuu.