Mnyama Mpole wa Tendaguru

Wengi wetu hapa Marangu twamjua nungunungu, mwizi wa mahindi. Akibanwa na mbwa hapigani kwa meno. Hugeuka, husimamisha miiba yake, kisha humwendea adui kinyumenyume. Mbwa asiyesikia hurudi nyumbani na miiba puani. Leo tumtazame mnyama wa kale aliyepigana kwa kugeuza mgongo vivyo hivyo, naye aliishi katika nchi yetu.

Jina lake ni kentrosauri, maana yake mjusi mwenye miiba. Alikuwa wa jamii ya dinosaria, akaishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Wakati huo Kilimanjaro haukuwapo. Volkano zilianza kuujenga kiasi cha miaka milioni 2 na nusu tu iliyopita. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, kaskazini-magharibi ya Lindi, katika kazi iliyofanywa tangu 1909 hata 1913. Wataalamu wa Kijerumani, Werner Janensch na Edwin Hennig, waliiongoza kwanza, lakini waliochimba ni mamia ya wenyeji, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Wapagazi waliichukua mifupa vichwani mpaka Lindi, ikapakiwa melini kwenda Berlin.

Kentrosauri alikuwa na urefu wa kiasi cha meta 4 na nusu, na zaidi ya nusu yake ilikuwa mkia. Alikula majani tu. Kichwa chake kilikuwa kidogo, ubongo haba, na miguu yake haikuumbwa kwa mbio. Shingoni alikuwa na mabamba ya mfupa. Toka katikati ya mgongo mabamba hayo yalifuatwa na miiba mirefu, jozi kwa jozi, mpaka mwisho wa mkia.

Je, alijilindaje? Mifupa yenyewe yatujibu. Viungo vya mkia viliuruhusu kupinda sana kushoto na kulia, na penye shina lake palikuwa na misuli minene. Tena uzito wa mwili ulikaa karibu na miguu ya nyuma, kwa hiyo aliweza kuizungusha sehemu ya mbele upesi, akamwelekezea adui mkia. Mla nyama aliyesogea karibu alipigwa kwa miiba. Aliyekaa mbali hakupata kitu.

Udhaifu wake ulikuwa mbele. Lakini huko nako palikuwa na mwiba mkubwa kila upande. Hapo kwanza Hennig alidhani mwiba huo ulikaa nyongani. Baadaye mifupa ya jamaa zake iliyopatikana China iliwafanya wataalamu wengi waone kwamba mahali pake ni begani. Hivyo hata mtaalamu hukosea, na ushahidi mpya humsahihisha.

Basi msomaji, usidhani kwamba mpole ni mnyonge. Kentrosauri hakuwinda mtu, hakukimbia mtu. Alisimama mahali pake, na aliyemchokoza alijuta.

Maswali
1. Kwa nini mkia mgumu usiopinda usingemfaa kentrosauri?
2. Kobe na nungunungu hujilinda kwa njia mbili mbalimbali. Kentrosauri alifanana zaidi na yupi? Toa sababu.